Tuwahesabu Hadi Watoke

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, huonekana jambo moja lisilokosa katika vibanda vya steshenari vilivyo jirani na stendi za mabasi, mahakama za mwanzo na ofisi za serikali za mitaa: vijana wa kike na wa kiume, wenye bahasha za kaki mikononi, wamejipanga foleni wakingoja zamu ya kujaziwa maombi ya chuo kikuu na fomu za mkopo, na kando yao, juu ya benchi au tofali, ameketi mzazi aliyekuja na kitambulisho chake na fedha zilizofungwa katika pindo la khanga. Karani wa kibanda huuliza namba ya cheti cha kuzaliwa iliyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwenyekiti wa mtaa hugonga muhuri. Wakili au hakimu hutia sahihi yake. Ada ya maombi hulipwa kwa simu. Wiki chache baadaye magazeti hutangaza kwa herufi nene ya kuwa maelfu kwa maelfu wamechaguliwa, na taifa zima, kwa haki kabisa, hufurahi.

Furaha hiyo siipingi. Ninalolipinga ni desturi yetu ya kuishia hapo, kana kwamba kuchaguliwa ndiko kusoma na kuandikwa jina ndiko kuhitimu. Rai yangu ni kwamba chuo kikuu cha umma hakijaijua idadi ya wanafunzi wake mpaka kiwe kimelifuata kila kundi lililoingia, kwa mwaka wake wa kuingia, tangu siku ya kuomba hadi siku ya kuvaa joho, kikaweza kusema hadharani, kwa Kiswahili ambacho mzazi yule wa benchini anakifahamu: walioitwa walikuwa kadha, waliofika kadha, waliovuka mwaka wa kwanza kadha, waliohitimu kadha, na hawa waliosalia nyuma walitoka wilaya hizi, walisoma fani hizi, na walikwama kwa sababu hizi. Nahodha aandikaye abiria wanaopanda chomboni, asiandike wanaoshuka upande wa pili, hawezi kuwaambia ndugu wanaongoja gatini kama safari imekuwa ya salama.

Takwimu hatukosi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa vitabu vya hesabu, na vyuo vyenyewe vina idara za mipango zenye watu wenye ujuzi. Lakini hesabu hizo aghalabu hupangwa mwaka kwa mwaka, jumla juu ya jumla, kwa Kiingereza cha ofisini, na jumla ina tabia ya kuwameza watu. Mwaka mmoja wakitoka wanafunzi 500 na wakaingia 700 wapya, jumla itaonyesha ongezeko la 200, wala haitasema neno juu ya wale 500, kama walitoka na shahada au walirudi makwao na mabegi yao.

Mtaa wa Lumumba, kisha Mlimani

Nakichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa mfano kwa sababu ndicho kikongwe cha vyuo vikuu vyetu, na mapito yake yanafundisha mengi. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15, chini ya Chuo Kikuu cha London. Kuwafuata wanafunzi wale hakukuhitaji daftari, kwani mwalimu alimjua kila mmoja kwa jina, kwa ukoo na kwa kikohozi chake. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na ndugu zake wa Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, jina ambalo watu hukiitia chuo chenyewe hadi leo, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Hata mwanzoni mwa miaka ya tisini wanafunzi wake wote hawakufika 5,000. Leo ni makumi ya maelfu, na mwalimu wa mwaka wa kwanza huweza kusimama mbele ya mamia ya nyuso muhula mzima asijue ni uso upi ulioacha kuja baada ya wiki ya sita.

Mwendo wa kutoka kumi na kitu hadi makumi ya maelfu haukuwa mstari ulionyooka, na mtu aisomaye hesabu bila kuijua historia atapotoka. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao. Mwaka 1990 chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Mwaka 1984 kitivo cha kilimo cha Morogoro kilijitenga kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine, na mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi nazo zikawa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Ambaye angetazama daftari la Mlimani peke yake katika miaka hiyo angedhani ya kuwa vijana wa Tanzania wameichoka elimu ya udaktari na ramani, ilhali kilichotokea ni kwamba watoto wamekua wakajenga nyumba zao.

Lakini darsa lililo kubwa kuliko yote katika historia hii, na ambalo nashangaa halitajwi mara nyingi, ni lile la Azimio la Musoma. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua ya kuwa kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Atumikie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, apate na sifa njema kutoka kwa wakuu wake wa kazi na chama. Madhumuni yalikuwa mema: kuondoa majivuno ya wasomi na kuwapa nafasi watu wazima waliokosa masomo wakati wao. Ila ndani ya muda mfupi idadi ya wanawake walioingia Mlimani ilianguka, kwa kuwa msichana aliyekaa nje ya masomo miaka miwili au mitatu, katika umri ule, alikuwa ameshaposwa, ameshaolewa, pengine ameshajifungua, na mlango wa chuo umekwisha kufungwa mbele yake. Hakuna aliyeandika katika azimio lile kwamba wanawake wapunguzwe. Walipunguzwa na sharti ambalo kwenye karatasi lilikuwa sawa kwa wote. Na kilichowaokoa ni nini kama si hesabu? Kwa kuwa daftari la chuo lilitenganisha wanawake na wanaume, upungufu ulionekana, na baada ya miaka michache sharti la kufanya kazi kwanza likaondolewa kwa wanawake. Lau kama daftari lile lingeandika jumla tu, wangapi wangepotea kabla ya mtu kutambua?

Baina ya kuitwa na kufika

Sasa turudi katika zama zetu. Kijana akiomba vyuo vitatu, huweza kuchaguliwa na vyote vitatu. Tume hutoa orodha ya waliochaguliwa zaidi ya mahali pamoja, nao hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kabla ya kuthibitisha, kijana mmoja ni wanafunzi watatu, na chuo kinachojisifu kwa idadi ya waliochaguliwa kinajisifu kwa watu ambao wawili katika kila watatu huenda wasikione kamwe kibao cha lango lake. Na tena, aliyeanguka mitihani mahali fulani, akaomba upya mahali pengine, huandikwa huko kuwa mwanafunzi mpya kabisa, wala hapana daftari linaloyaunganisha maisha yake mawili.

Na aliyekwisha kuthibitisha je? Tumfikirie binti wa Nanyumbu, mkoani Mtwara, ambaye wazazi wake wanaishi kwa korosho. Amepata nafasi ya kusoma sayansi, ada yake kwa mwaka ni kama shilingi milioni moja na robo, na jina lake halikutoka katika awamu ya kwanza ya mikopo. Chuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Minada ya korosho huanza Oktoba: mzigo hupelekwa kwenye chama cha msingi, huingia ghalani kwa stakabadhi, hunadiwa, na malipo hushuka benki baada ya siku kadhaa, na mara nyingine baada ya wiki kadhaa. Baba anayo magunia yake ghalani, yaani anayo ada, lakini hana shilingi. Namba ya malipo imeshatolewa, nauli ya kufika Dar es Salaam inatakiwa, dirisha la usajili limeandikwa tarehe yake ya kufungwa. Basi familia hufanya nini? Hukopa kwa mlanguzi ambaye atalipwa kwa korosho za mwaka ujao ambazo hata maua yake hayajatoka mtini, au huuza mbuzi kwa bei ya mwenye shida, au humwambia binti asubiri.

Chuo, kwa upande wake, kinajua ni nani aliyesajiliwa siku ya kwanza na nani siku ya mwisho, na kinajua kila mmoja alisoma shule gani katika wilaya gani. Hizo zote zimo katika mashine za ofisi ya usajili. Endapo karani mmoja angekaa akapanga waliochelewa na wasiofika kwa wilaya zao, kwa miaka mitano mfululizo, yamkini angeona ya kuwa watoto wa wakulima wa korosho hukwama wakati mmoja, na wa wafugaji wakati mwingine, na kwamba kusogeza mbele siku ya mwisho ya malipo kwa wiki nne, kwa waombaji wa wilaya chache zinazojulikana, kungeokoa nafasi nyingi kuliko hotuba kumi za kuhamasisha elimu. Nasema yamkini, kwa sababu hesabu yenyewe ndiyo itakayotuthibitishia au kutukanusha, na hiyo ndiyo faida yake.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imefanya kazi ambayo mtu mwenye insafu hataikana. Wapo mawakili, waganga na wahandisi wa leo ambao bila fedha zile wangekuwa bado wanasukuma mikokoteni. Posho ya chakula, ambayo vijana huiita bumu, imepandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Lakini majina hutoka kwa awamu, na awamu ya mwisho huweza kumkuta kijana ameshakata tamaa. Yeye katika daftari ni kijana aliyechaguliwa na asiyefika, kama yule aliyekwenda kusoma ng'ambo, kama yule aliyefariki. Wote watatu ni nafasi moja tupu, na hapana aliyepewa dhima ya kupiga simu na kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wazee. Na ikiwa haya ni ya mali, seuze mtoto ambaye kijiji kizima kilichanga kumsomesha?

Chumba cha wawili

Kupotea njiani hakutokani na ada pekee. Aprili 2017 zilifunguliwa Mlimani hosteli mpya zenye nafasi 3,840, jambo kubwa lililowaondolea wengi adha ya kupanga Sinza, Ubungo na Changanyikeni. Ila kila mwaka wanaoingia ni wengi kuliko vitanda, na wanafunzi wamekwisha kutunga dawa yao wenyewe, wanayoiita kubebana. Aliyepata kitanda humkaribisha mwenzake aliyekosa, wakalala wawili mahali pa mmoja, kichwa huku na miguu kule, na chumba kilichoandikwa watu wawili kikawa cha watu wanne, masanduku yamerundikwa hadi dirishani, ndoo nne za maji nyuma ya mlango, na anayetaka kusoma usiku hutoka na kiti chake akakae ukumbini penye taa. Huu ni ukarimu, na mimi nauheshimu. Mara nyingi anayekaribishwa ni mtu wa wilaya nyingine na dini nyingine, aliyefahamika juzi tu kwenye foleni ya usajili. Lakini katika hesabu ya vitanda, chumba kile kina watu wawili. Mpangaji wa makao hupanga kwa wawili, fundi bomba hupanga kwa wawili, mganga wa zahanati hupanga dawa kwa wawili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao wenye kupanga hawakilalii.

Hapo ndipo mwaka wa kwanza unapokuwa mgumu kwa wale waliokuja na uchache wa kila kitu. Aliyechelewa kusajiliwa amekosa wiki nne za mihadhara, hana pa kulala penye utulivu, bumu lake halijafika, na majaribio ya kwanza yanamkuta hivyo. Akianguka masomo kadhaa hupewa mitihani ya kurudia, ambayo wao huiita sapu. Akianguka tena, amedisko, neno jepesi mdomoni kwa jambo zito kama hilo. Wengine huahirisha mwaka kwa barua, na barua ya kuahirisha kwa ugonjwa hufanana sana na barua ya kuahirisha kwa njaa. Chuo kinayo majina ya wote hawa, na sharti lililobaki ni kuyaweka pamoja na kuuliza: je, walioahirisha au kudisko mwaka huu ni wale wale waliochelewa kusajiliwa? Ni wasichana zaidi kuliko wavulana? Ni wa fani fulani ambayo mtihani wake wa mwaka wa kwanza huangusha nusu ya darasa kila mwaka, hata ikawa ni lazima kuutazama ufundishaji wenyewe kabla ya kuwalaumu vijana? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu hulipwa na familia, kwa kuwa aliyetolewa mwaka wa pili hudaiwa mkopo alioutumia vilevile kama mhitimu, ila hana shahada ya kumpatia mshahara wa kuulipia.

Fani zilizojaa, fani zilizokauka

Kuna upande mwingine wa daftari, nao ni wa fani. Katika miaka ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, shule za kata zilijengwa nchi nzima, na walimu wakahitajika kwa maelfu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha vyuo vishiriki vya elimu, Chang'ombe jijini na Mkwawa mkoani Iringa, mwaka 2005. Bodi ya Mikopo ikawapa wanafunzi wa ualimu kipaumbele. Serikali ikawaajiri wahitimu bila ya kuwahoji sana. Habari zilienea vijijini upesi kuliko gazeti lolote: soma ualimu, mkopo utapata, kazi utapata. Ulikuwa ushauri wa busara kwa wakati wake, na wazazi walioufuata hawakukosea.

Kisha ajira zikapungua, ilhali ushauri uliendelea kutolewa. Wanafunzi wakazidi kuingia kwa sababu za mwaka 2008 katika nchi ya mwaka 2018, na leo nafasi chache za ualimu zikitangazwa waombaji huzizidi mara nyingi, wengine wakiwa na mvi za kwanza na vyeti vilivyolaminishwa miaka minane iliyopita. Binti aliyesomea kufundisha fizikia anauza vocha, na katika mkoa huohuo ipo shule ambayo fizikia haina mwalimu. Naamini kwa dhati ya kuwa sehemu ya taabu hii ingepunguzwa lau tangu awali tungekuwa tukichapisha, fani kwa fani, waliosajiliwa wangapi, wako mwaka gani, na watatoka lini, kisha tukaweka kando yake nafasi ambazo serikali inatarajia kuzijaza mwaka huo huo. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu huonekana miaka mitatu kabla hajafika sokoni. Yupo, amesajiliwa, ana namba. Ni kwa nini basi wingi wake utushtue siku ya mahafali?

Atakayesema kwamba hesabu za namna hii zitawatisha wazazi na kuzikausha baadhi ya fani, namjibu ya kuwa mzazi anayeuza shamba ana haki ya kuogopa mapema kuliko kujuta baadaye. Na chuo chenye fani isiyovutia kina haki ya kujua hivyo kabla ya kuajiri wahadhiri wa kufundisha viti vitupu.

Majirani zetu wameshayaona

Kenya imepita njia hii mbele yetu, na yaliyowapata yatupasa kuyatazama kwa macho ya kujifunza. Mwaka 1990 vyuo vikuu vyao vya umma vilipokea kwa pamoja makundi mawili, la mwisho la waliomaliza kidato cha sita na la kwanza la mfumo wa 8-4-4 usio na kidato cha tano na sita, na msongamano wa mabweni na madarasa ya miaka ile umebaki katika kumbukumbu za kizazi kizima. Robo karne baadaye likawapata la kinyume chake. Wizi wa mitihani ulipodhibitiwa kwa nguvu, watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kizingiti cha chuo kikuu, walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000 mwaka 2016, na wapatao 70,000 mwaka uliofuata. Vyuo vilivyokuwa vimejenga na kuajiri kwa kutegemea ada za wanafunzi wa kujilipia vilijikuta na madeni, kwa kuwa waliofuzu wote, hata ambao wangejilipia, sasa walitosha katika nafasi za serikali. Hapana mtu aliyekuwa na sababu ya kuujutia uaminifu wa mitihani. Kilichokosekana ni kuzihesabu mapema athari zake katika kila ukumbi.

Sisi nasi tuna mawimbi yetu, na uzuri wa mawimbi ya shule ni kwamba huonekana miaka mingi kabla hayajafika ufukweni. Watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imekwisha kufutwa na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukiwa unaanza, walifika kidato cha nne mwaka 2012. Na wasomaji wanaukumbuka mwaka ule, ambao matokeo yake yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata daraja sifuri, nchi ikahamaki, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Tulizungumza sana juu ya uvivu na simu za mkononi. Wachache walisema ya kuwa hili ndilo kundi lililofurika madarasani miaka kumi kabla, kwamba walimu na vitabu havikuongezeka kwa kiasi chake, na kwamba tarehe ya kufika kwake kidato cha nne ilijulikana tangu siku ya kwanza ya uandikishaji.

Kundi jingine liko njiani sasa hivi. Januari 2016, waraka wa elimu bila malipo ulipoanza kutumika, uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka ghafla, hata kukawa na madarasa ya watoto zaidi ya 100 walioketi sakafuni. Watoto wale walimaliza darasa la saba mwaka 2022, wakaingia kidato cha kwanza mwaka 2023. Wanaofaulu watamaliza kidato cha sita Mei 2029 na kugonga mlango wa chuo kikuu Oktoba ya mwaka huo. Nyuma yao kuna jambo zito zaidi. Kwa mpango uliotangazwa pamoja na mtaala mpya, ambao unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, darasa la sita na la saba watahitimu pamoja mwaka 2027, na makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja mwaka 2028. Mwenye kuhesabu kwa vidole ataona ya kuwa makundi hayo mawili, yakienda mwendo wa kawaida hadi kidato cha sita, yatafika chuo kikuu mwaka 2034.

Daftari la namna gani

Ninalolitaka si jambo la fahari. Kila chuo kikuu cha umma, mwezi wa Februari, usajili ukiwa umetulia, kitoe karatasi mbili tu kwa Kiswahili, na zibandikwe pia katika ofisi za halmashauri na shule za kidato cha sita. Ya kwanza ieleze kundi la mwaka huo kwa wilaya, jinsia, fani na namna ya kulipa, tangu waliochaguliwa hadi waliofika. Ya pili iyafuate makundi ya miaka mitano iliyotangulia, kila moja kwa jina la mwaka wake, nayo iseme waliobaki ni wangapi, walioahirisha, waliotolewa, waliohamia kwingine na waliohitimu. Majina ya watu yasitajwe, kwani ni sitara yao, na sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi inaikinga. Idadi ndogo mno ambayo ingemfichua mtu ifichwe. Na katika ofisi ya usajili awepo mtu mmoja ambaye kazi yake, kuanzia Novemba hadi Januari, ni kumpigia simu kila aliyethibitisha asifike, amuulize kwa heshima sababu yake, na kuiandika kama alivyoisema.

Mlimani imekuwa ikijenga kampasi mpya Lindi na Kagera kwa fedha za mradi mkubwa wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, na majengo hayo yanatarajiwa kuwa tayari kabla kundi la 2029 halijafika. Nafasi za vitanda zitakazowekwa huko, fani zitakazofundishwa na tarehe za kulipa ada zitakazopangwa kwa watoto wa wakulima wa korosho na wa kahawa zinaamuliwa katika vikao vya miaka hii. Kundi lililosajiliwa mwaka huu ndilo linaloweza kufuatwa hadi mwisho, likatupa hesabu kamili ya mzunguko mmoja, kabla ya mlango kugongwa na watoto wa 2016. Na kwa kuwa shahada huchukua miaka mitatu au minne, mwaka ukipita bila ya daftari hilo kufunguliwa hautarudi, na wapangaji watakapoketi kuwagawia nafasi watoto wale watakuwa na jumla mezani, na wazazi benchini.